Tuache kumcheka Ronald Wayne: habari ya mbia wa tatu, kutoka Mwanjelwa

Fundi wa Mwanjelwa:

Wakuu, salaam kutoka Mbeya.

Jumamosi nilihudhuria semina ya vijana wanaoanzisha biashara za teknolojia hapa mjini. Mtoa mada, kijana msomi na mzungumzaji mzuri, akasimulia habari za mtu aliyeachia asilimia 10 ya Apple, kampuni ya kompyuta na simu ya Marekani, kwa dola 800. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akauliza kama kuna anayemjua kwa jina. Kimya. Akasema hata yeye jina limemtoka, la msingi ni kwamba uwoga ni hasara, akaendelea na mambo mengine.

Sikuweza kucheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka mada ile ikaisha.

Jina lake ni Ronald Wayne. Nimekuwa nikisoma habari zake tangu mwaka jana, na sababu ninayo, nitafika huko. Nitashusha kwa vipande kwa kuwa niko dukani na wateja wanaingia.

Alizaliwa Cleveland, Ohio, Mei 1934. Mwaka 1976 alikuwa mtu mzima wa miaka 41, anafanya kazi ya kuchora michoro ya mitambo kwenye kampuni ya michezo ya video ya Atari, California. Hapo ndipo alipokutana na Steve Jobs, kijana wa miaka 21. Steve Wozniak, yule aliyebuni kompyuta ya kwanza ya Apple, alikuwa na miaka 25 na alikuwa ameajiriwa kampuni ya vifaa vya kielektroniki ya Hewlett-Packard. Kwa hiyo msiwafikirie kama vijana watatu wa rika moja. Hao walikuwa vijana wawili na mtu wa umri wa mjomba wao.

Ugomvi ulianza hata kampuni haijaanza. Wozniak aliona saketi zake, yaani mipango yake ya njia za umeme ndani ya kompyuta, ni zake, pengine na za mwajiri wake, hakuona kwa nini zifungiwe ndani ya kampuni moja. Jobs alitaka ziwe mali ya Apple peke yake. Wakashindwana. Jobs akampeleka mwenzake nyumbani kwa Wayne, mzee akakaa nao chini kama dakika 45 hivi, akamweleza Wozniak taratibu mpaka akakubali. Baada ya hapo Jobs akapendekeza huyu mzee naye awe mbia: Jobs asilimia 45, Wozniak 45, Wayne 10. Ile 10 ilikuwa na kazi yake maalumu: wawili wakivutana, kura ya tatu iamue.

Mkataba aliuandika Wayne, kwenye taipureta yake. Ukasainiwa tarehe 1 Aprili 1976. Humo ndani kila mtu amepewa kazi yake: umeme kwa Wozniak, umeme na masoko kwa Jobs, mitambo na nyaraka kwa Wayne. Akachora nembo ya kwanza ya kampuni kwa mkono, Isaac Newton ameketi chini ya mti na tufaha linaning'inia juu ya kichwa chake. Akaandika na kitabu cha maelekezo cha ile kompyuta ya kwanza.

Haikupita hata wiki mbili. Tarehe 12 Aprili akarudi kwenye ofisi ya wilaya ya Santa Clara na karatasi ya kujitoa.

Inaendelea, nina mteja.

Baridi ya Makete:

Tupo mkuu, shusha. Ila nataka kuelewa kitu kimoja. Mtu kaandika mkataba mwenyewe kwa mkono wake, halafu siku 11 baadaye anaukimbia. Si alijua alichoandika?

Fundi wa Mwanjelwa:

Alijua vizuri sana. Ndiyo maana alitoka.

Jobs alikuwa amepata oda kwenye duka la kompyuta liitwalo Byte Shop, Mountain View. Kompyuta 50, dola 500 kila moja. Hiyo ni dola 25,000 kwa vijana wasio na kitu. Ili wazitengeneze, vifaa vilibidi vichukuliwe kwa mkopo wa siku 30. Sisi huku tunaita mali kauli. Unabeba mzigo leo, unaahidi kulipa, na roho inakuwa juu mpaka siku ya kulipa.

Jobs alikuwa ameuza gari lake la Volkswagen ili apate mtaji, Wozniak ameuza kikokotoo chake. Hapo ndipo mali yao ilipoishia. Wayne ndiye peke yake aliyekuwa na kitu cha kukamatwa. Na ile haikuwa kampuni bado, ulikuwa ubia. Duka lile lisingelipa, mwenye vifaa angemfuata nani? Angemfuata mwenye mali.

Halafu Wayne alikuwa ameshaungua. Miaka michache kabla alianzisha biashara ya mashine za kamari kule Las Vegas ikafa, na madeni yake akayalipa mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kulipa deni la biashara iliyokufa hawezi kumhukumu. Nasema hivyo bila kumkwaza yeyote. Kulipa deni la kitu kilichokufa ni kama kununua dawa ya mgonjwa uliyeshamzika.

Akapewa dola 800. Baadaye akapewa 1,500 nyingine ili asidai chochote tena. Akaendelea na kazi yake Atari.

Wakili Kijana:

Naomba niingie hapa, maana watu wengi wa humu wana biashara za namna hii na hawajui wamekaa wapi.

Ubia kwa sheria ya Tanzania umo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mkishakuwa wabia, deni la biashara ni la wote na ni la kila mmoja. Mdai hana wajibu wa kugawa deni kwa asilimia zenu. Ile 45, 45 na 10 ni hesabu yenu ya ndani, mgao wa faida na hasara baina yenu. Anayewadai anaweza kumshika mwenye asilimia 10 amlipe yote, halafu huyo ndiye ahangaike kuwafuata wenzake. Kama wenzake hawana kitu, hasara imebaki kwake.

Na mbia akitoka hajapona kwa yaliyopita. Madeni yaliyoingiwa akiwa ndani yanamfuata, na asipowajulisha wanaowauzia kwamba ametoka, hata mapya yanaweza kumgusa. Ndiyo maana Wayne hakuishia kuwaambia wenzake kwa mdomo, alikwenda kuandikisha.

Kingine. Kusajili jina la biashara BRELA, yaani kwa wakala wa usajili wa biashara, hakukupi ngao yoyote. Watu wanapata cheti cha jina wanadhani wana kampuni. Kampuni ni kampuni, ina katiba yake, ina hisa, na mwenye hisa anapoteza alichoweka. Hata hapo benki ikikukopesha itakutaka wewe mkurugenzi utie saini dhamana binafsi, na ukishatia saini, nyumba yako imerudi mezani. Someni kabla ya kusaini.

Apple yenyewe ilikuja kusajiliwa kuwa kampuni tarehe 3 Januari 1977, yaani karibu miezi tisa baada ya Wayne kutoka. Ingekuwa hivyo tangu Aprili, pengine asingekuwa na cha kuogopa.

Fundi wa Mwanjelwa:

Ndaga fijo wakili. Hayo ndiyo maneno niliyotaka yasemwe kwenye ile semina. Vijana wale wamerudi nyumbani na kicheko tu, na nina hakika nusu yao wana ubia wasioujua.

Kiwira Juu:

Mimi nitasema tofauti na mnisamehe. Apple imevuka dola trilioni 3. Asilimia 10 ni zaidi ya dola bilioni 300. Hata ungekuwa na nyumba kumi, unaziweka zote rehani. Hatari ndiyo biashara. Mkulima wa viazi Uporoto anaweka shilingi yake yote ardhini bila kujua bei ya Septemba, na hamumwiti shujaa wala mjinga. Huyu mzee alikimbia, tukubali tu.

Fundi wa Mwanjelwa:

Mkuu Kiwira, hoja yako naiheshimu, ila hiyo hesabu haiko sawa na ndiyo inayowapoteza watu.

Asilimia 10 ya mwaka 1976 isingebaki kuwa asilimia 10. Januari 1977 aliingia mwekezaji Mike Markkula na dola 250,000 zake, sehemu mtaji na sehemu mkopo, na mgao ukaanza upya. Kisha wakaja wawekezaji wengine, wakaja wafanyakazi wenye hisa. Kampuni ilipouza hisa kwa umma tarehe 12 Desemba 1980, Jobs aliyeanza na 45 alikuwa na hisa milioni 7.5, na hiyo ilikuwa mbali kabisa na nusu ya kampuni. Wayne angekuwa na kiasi gani siwezi kukwambia, ila angekuwa na kipande cha kipande.

Halafu angetakiwa akae nacho. Unajua Jobs mwenyewe alifanya nini alipoondolewa mwaka 1985? Aliuza hisa zake zote isipokuwa moja. Jobs! Wozniak naye alikuwa amewagawia wafanyakazi wa mwanzo sehemu ya hisa zake kwa bei ya chini kabla hazijaingia sokoni, kwa kuwa aliona wameonewa. Kwa hiyo tunamcheka Wayne kwa kutoshika kitu ambacho waasisi wenyewe hawakukishika chote.

Na huo mfano wako wa mkulima ni mzuri, ila uutazame tena. Mkulima anaweka shilingi yake. Mvua ikigoma, amepoteza shilingi yake. Wayne alikuwa anaweka nyumba yake chini ya shilingi za watu wengine wawili, na uamuzi wa kukopa hakuwa nao. Hayo ni mambo mawili.

Mnyalukolo:

Kamwene wana uzi. Niko Iringa, Mlandege. Nimesoma kimyakimya lakini kuna neno la mleta uzi limenishika. Umesema sababu unayo, utafika huko. Fika sasa kaka yangu. Mtu hatoki ukumbini kusimama kwenye baridi kwa ajili ya Mmarekani asiyemjua.

Fundi wa Mwanjelwa:

Dada umenisoma.

Haya. Nimefunga duka, nimekaa na chai. Nitaandika yote, na nitaficha majina na jina la kampuni, kwa sababu mwenzangu tuliyeanza naye hajui kama naandika hapa.

Mwaka 2012 tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta, nina kibanda Mwanjelwa, sina mke, sina kiwanja. Wa pili alikuwa ametoka chuo cha ufundi pale Iyunga, anaandika programu usiku kucha, analala mchana. Wa tatu alikuwa Mwalimu. Amefundisha hesabu za biashara sekondari miaka zaidi ya ishirini, amestaafu kwa hiari, ana nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. Alikuwa mteja wangu, analeta kompyuta ya zamani nimtengenezee, anakaa kwenye stuli, tunaongea.

Wazo lilikuwa programu ya maduka ya pembejeo. Mbolea na mbegu zinauzwa kwa mkopo, mkulima analipa baada ya mavuno, na daftari la muuzaji limechakaa halisomeki. Tukasema tuliweke kwenye kompyuta.

Kijana wetu alipoandika programu ya kwanza iliweka safu nne: jina, bidhaa, kiasi, deni. Tukamwonyesha Mwalimu tukiwa tumevimba kwa furaha. Akatazama muda mrefu, akasema, "Wanangu, hii haijui mkulima." Akachukua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula. Akaongeza safu mbili. Moja aliiandika *shamba*, kwa maana mtu anayelima mpunga Usangu na anayelima viazi Isyonje hawavuni wakati mmoja, huwezi kuwadai siku moja. Nyingine aliiandika *ahadi*. Humo unaandika maneno ya mkulima mwenyewe, lini amesema atalipa na kwa zao gani. Akasema mtu ukimdai kwa tarehe yako mnagombana, ukimdai kwa ahadi yake anaona haya.

Tulidhani ni mambo ya kizamani, lakini tukaweka kwa heshima yake.

Mkataba wetu aliuandika yeye, kwa mkono, kurasa mbili. Sisi vijana 40 na 40, yeye 20. Aliandika pia kwamba hakuna kukopa zaidi ya laki moja mpaka wawili wakubaliane. Miaka mingi baadaye nilipokuta kwamba na mkataba wa Wayne ulitaka matumizi ya zaidi ya dola 100 yakubaliwe na wabia wawili, nilifunga ukurasa, nikashindwa kuendelea siku hiyo.

Maduka tisa yakakubali, kuanzia Mbalizi mpaka Makambako. Lakini hayakuwa na kompyuta. Mwenzangu na mimi tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja, tukachukua kompyuta tisa kwa mali kauli. Wawili tumekubaliana, mkataba umeheshimiwa. Tukarudi kumwambia Mwalimu tukiwa tumeshapakia mzigo.

Hakufoka. Aliuliza swali moja: maduka yakichelewa kulipa, huyu mwenye kompyuta atakwenda kwa nani? Tukasema hayatachelewa. Akauliza tena vilevile. Hatukuwa na jibu, tukanyamaza.

Siku ya nne akaja na barua. Anaomba kutoka. Akaeleza kwamba zamani alishirikiana na ndugu yake kwenye lori la mbao, lori likaanguka, akalipa benki miaka sita kwa mshahara wa ualimu, na mama watoto hajasahau. Tukampa laki mbili tulizokuwa nazo. Akatuandikia risiti, akaenda kwa yule mfanyabiashara akamwambia mbele yetu kwamba kuanzia leo yeye hayumo, naye akakubali kutudai sisi wawili tu.

Tulimwita mwoga. Sitaki kupunguza hapa. Tulimwita hivyo yeye akiwa hayupo, kwa mwaka mzima, na tulicheka.

Baridi ya Makete:

Mkuu pole. Maduka yalilipa?

Fundi wa Mwanjelwa:

Sita yalilipa. Matatu yakasema tusubiri mavuno, na mwaka ule mavuno yalichelewa. Yule mfanyabiashara alisubiri miezi miwili, wa tatu akaja na vijana wake wakabeba kila kitu kwenye kibanda changu. Mashine za kudurufu, printa, hata stuli aliyokuwa anakalia Mwalimu. Mwenzangu alirudi kwao miezi mitano. Mwalimu angekuwa bado mbia wetu, wasingehangaika na stuli. Wangekwenda kwenye nyumba.

Duka moja la Makambako halikulipa hata kidogo. Mwenyewe alifunga akahama.

Tulisimama tena polepole. Mwaka 2015 tukasajili kampuni kamili. Leo tuna wafanyakazi saba. Hatujawa matajiri, lakini mishahara inatoka.

Mama Pembejeo:

Mimi ninauza pembejeo upande wa Rungwe, na ninatumia programu yenye safu ya ahadi. Sitataja ni ipi, nafikiri ni hiyo. Naomba niseme kitu kama mtumiaji. Hiyo safu ndiyo sababu sijabadilisha. Niliwahi kuletewa nyingine, nzuri, ina rangi, ina michoro, lakini inahesabu siku 30 na kumtumia mkulima ujumbe wa kumtisha. Mkulima wa parachichi siku 30 anatoa wapi hela? Kwangu ninafungua, ninasoma: "Mama, nikiuza mchumo wa pili." Ninajua hata sauti yake. Ninampigia baada ya mchumo wa pili, analipa.

Nilidhani aliyeweka hiyo ni kijana wa kompyuta. Nikasema huyu kijana kalelewa vizuri.

Fundi wa Mwanjelwa:

Mama yangu, umeniliza.

Ndicho hicho. Mwaka jana tuliajiri binti mmoja aandike upya programu yote, maana ile ya zamani imechoka. Akaniuliza, "Bosi, hii *ahadi* nani aliibuni? Kila mteja ninayemhoji anasema nisiiguse." Nikafungua mdomo. Nikagundua kwamba katika kampuni yetu nzima, kwenye karatasi zetu, kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni palipoandikwa "waasisi wawili", hakuna mahali popote jina la Mwalimu lilipo. Hatukulifuta. Tuliacha tu kulitaja, mwaka baada ya mwaka, mpaka likaondoka lenyewe.

Ndipo nikaanza kusoma habari za Wayne usiku. Nembo yake iliwekwa kando mwaka 1977 likaja tufaha lililong'atwa, la Rob Janoff, hili tunalolijua. Ile karatasi ya mkataba aliitunza nyumbani, akaja kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa dola 500. Desemba 2011 ikapigwa mnada Sotheby's, New York, zaidi ya dola milioni 1.5. Watu wanalitaja hilo nalo kwa kicheko. Yeye mwenyewe amesema hisa hazimsumbui, ila ile karatasi anajutia kuiuza. Mimi namwelewa. Karatasi ile ilikuwa na saini yake.

Kuhusu hisa amesema mara kadhaa kwamba angebaki huenda angekuwa tajiri kuliko wote makaburini. Alijua mwendo wa wale vijana, na alijua kifua chake. Alipozeeka akakaa mji mdogo wa Pahrump, Nevada, na stempu na sarafu zake za zamani.

Kiwira Juu:

Mkuu, mimi ndiye niliyesema alikimbia. Sijabadilika kwamba hatari ndiyo biashara. Lakini nimejiuliza swali la wakili hapo juu: mimi na shemeji yangu tuna mashine ya kukoboa kahawa Mbozi, jina la biashara tu, na mkopo ni wa jina lake. Leo nimempigia simu. Sikuwahi kumuuliza nyumba yake iko wapi katika hili.

Wakili Kijana:

Njoo na shemeji yako, mje na karatasi zote, hata risiti. Na andikeni ni nani ameleta nini. Si fedha tu. Nimeona wabia wakigombania faida miaka kumi baadaye na hakuna anayekumbuka nani alikuja na mteja wa kwanza, nani alichora nini. Wayne anakumbukwa leo kwa sababu moja kubwa: kulikuwa na karatasi.

Mnyalukolo:

Kaka, Mwalimu yuko hai?

Fundi wa Mwanjelwa:

Yuko hai. Nimechelewa kujibu, nilikwenda kwake Jumapili.

Alishahamia kwao, juu ya Tukuyu, ile nyumba ya mjini wanakaa wanawe. Nilipanda Kosta mapema, mvua ya manyunyu, migomba yote inang'aa. Nilikuwa na mkungu wa maneno kichwani, yote yakapotea nilipomwona. Ananipita urefu hata sasa, ila anatembea na fimbo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Fundi. Umenenepa."

Tukakaa barazani. Nikamwambia niliyokuja nayo, kwamba tulimsema vibaya, kwamba stuli yake ilichukuliwa, kwamba safu yake ndiyo inayotulisha. Nikampa karatasi niliyochapisha kutoka ukurasa wetu mpya, waasisi watatu, jina lake kamili likiwa la kwanza kwa sababu ya umri. Mwenzangu amekubali. Nilidhani atakataa, hakuchelewa hata sekunde moja, alisema ni kweli na akakaa kimya kwenye simu muda mrefu. Na tumekubaliana kuna kiasi kitakachokuwa kinakwenda kwa Mwalimu kila msimu. Hakipo kwenye sheria, wakili usiniulize.

Mwalimu akasoma ile karatasi kwa kuisogeza mbali na macho. Akaikunja mara mbili, akaiweka mfuko wa shati. Nikamuuliza kama amewahi kujuta. Akaonyesha kwa fimbo upande wa barabara inakoelekea mjini, akasema wajukuu wake wanne wamezaliwa ndani ya ile nyumba.

Mama akaleta chai na magimbi. Tukaongea habari za bei ya ndizi, na wanafunzi wake waliofika mbali. Nilipoinuka niwahi Kosta ya saa tisa akanishika mkono, kama mtu aliyekuwa na jambo analizungusha tangu asubuhi.

"Yule wa Makambako," akasema. "Ahadi yake ilikuwa mahindi ya Julai. Alilipa?"